Mlango wa Bi Mapokezi: Maisha ya Mwalimu Komeo

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi mliojaa hapa hadi wengine mmekosa viti, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtege masikio, maana maisha ya mtu huyu yatasomwa mara moja tu, na wale wenye tabia ya kuulizana pembeni kasemaje, kasemaje, wavumilie mpaka mwisho, kisha waende kwa shangazi wa marehemu, aliyekaa pale mbele, ambaye hajawahi kumnyima mtu habari.

Mpendwa wetu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1966, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba mlinzi wa ghala na mama mshonaji, na alikuja duniani amekunja ngumi zote mbili, mkunga akazifungua kidole kimojakimoja kana kwamba anatafuta kilichoibwa, asikute kitu, lakini shangazi mtu, ambaye alikuwapo kwa sababu hakuna jambo la ukoo huu lililowahi kutokea bila yeye kuwapo, akasema papo hapo kwamba mtoto huyu atakuwa msiri, na kwa kuwa shangazi mwenyewe si msiri, maneno hayo yalifika mtaani kabla mtoto hajanyonya.

Jina la Komeo, ambalo wengi wenu ndilo mnalolijua, alilipata akiwa na umri wa miaka minne, siku mama yake alipotoka kuanua nguo, naye akabaki ndani na kusukuma komeo la mlango, likaingia kisawasawa, likagoma kutoka, mtaa ukajaa dirishani kumwelekeza, huyu anamwambia vuta, yule anamwambia inua kwanza, baba yake akaitwa kutoka kazini akaja mbio na kitita cha funguo kiunoni, funguo zenyewe zikawa hazina kazi kwa kuwa komeo halina tundu, mwishowe mtoto akachoshwa na kelele zao, akapanda kwenye kochi akalala, alipoamka akalivuta komeo taratibu kwa mkono wake mwenyewe, akafungua mlango, akauliza kwa nini watu wamejaa. Lishikeni jambo hilo, kwa sababu alikuja kulirudia akiwa mtu mzima mwenye mvi.

Marehemu alianza elimu ya msingi mwaka 1973 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akawa hodari wa hesabu na balaa katika kuimba, kisha akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia mwaka 1980 hadi 1983, na huko ndiko alikofungua kufuli la ofisi ya mwalimu mkuu kwa kipande cha waya, asiguse kitu, akalifunga tena, halafu akaenda mwenyewe kumweleza mwalimu mkuu kwamba kufuli lile ni la kuwatishia kuku, akachapwa kwa kulifungua, na kesho yake akatumwa mjini kununua jingine, kwa kuwa shule nzima hakuna mwingine aliyejua lipi ni imara. Baada ya hapo alisoma chuo cha ufundi, akapata cheti cha umeme mwaka 1988, akatengeneza redio kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, kisha mwaka 1990 akaajiriwa na kampuni ya bima kama fundi wa kompyuta, wakati huo kompyuta zikivalishwa vitambaa jioni kama maharusi, na akiwa hapo alijisomesha jioni hadi kupata shahada yake mwaka 1998.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1995 na mjane wetu huyu mnayemwona, aliyekuwa mkutubi wa maktaba ya manispaa, na msidanganywe kwamba walikutanishwa na kusoma, maana shangazi analo la kusema juu ya hilo, kwamba kijana alikuwa akiazima kitabu kimoja cha mitambo ya pampu, anakirudisha, anakiazima tena, mpaka mkutubi akamwambia kwamba kama amependa jalada basi amtolee alibandike ukutani, na yeye akajibu kwamba hakupenda jalada wala pampu, na ndipo mambo yakaanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1997 ambaye ni muuguzi, wa kiume aliyezaliwa mwaka 2000 ambaye ni fundi wa ujenzi, na kitinda mimba aliyezaliwa mwaka 2005 ambaye bado yuko masomoni, na pia aliwahi kumpakata mjukuu mmoja, aliyemrithi kukunja ngumi.

Mwaka 1999 aliacha bima na kwenda kufundisha chuoni, somo la usalama wa taarifa, ambalo kwa sisi tusio wa fani hiyo ni elimu ya kuzuia watu wasiingie kwenye kompyuta za wenzao, na shida yake, kama alivyozoea kulalamika akinywa chai, ni kwamba huwezi kumfundisha mtu kuziba tundu asilowahi kupenya, kwa hiyo wanafunzi lazima wajifunze kuvunja, na kila wakijifunza kuvunja, chumba kimoja cha kompyuta kilichokuwapo kinavunjika kweli, darasa linalofuata linakuta mashine zimelala chali, na wale wanafunzi walioishi mbali, au waliokuwa na watoto wa kunyonyesha, au waliofanya kazi mchana, hawakupata hata hiyo nafasi ya kuvunja.

Ndipo kuanzia mwaka 2008 alipojenga kile ambacho ndicho kazi ya maisha yake, maabara ya mtandaoni, yaani ndani ya kompyuta moja kubwa iliyowekwa kwenye chumba cha mitambo cha chuo alitengeneza ofisi nzima ya kuigiza, kampuni ya kuuza mapazia ambayo haijawahi kuuza pazia hata moja, yenye meneja wake, mhasibu wake anayeficha neno la siri chini ya kibodi, na kompyuta zake za kubuni, kila mwanafunzi akapewa kampuni yake peke yake, aidukue, aiharibu, aigeuze miguu juu, kisha akibonyeza kitufe kimoja inarudi nzima kama haikuguswa, na haya yote aliyafanya kwa maandishi matupu bila picha, ili mwenye mtandao wa kukwamakwama apate sawasawa na mwenye mtandao wa mbio. Kila zoezi jipya alimkalisha mkewe kwanza, mkewe asiyejua chochote katika fani hiyo, alipopiga miayo akafuta, alipoitukana mashine akaandika upya, na wala hakumpa alama nyingi aliyetangulia kuingia, bali aliyeweza kumweleza mwenye nyumba, kwa lugha ya kueleweka, namna ya kuziba alipoingilia.

Mtu maarufu kuliko wote katika kampuni hiyo ya mapazia ni Bi Mapokezi, ambaye si mtu, ni mistari aliyoiandika marehemu mwenyewe, mwanafunzi akimwandikia ujumbe naye anajibu, na funzo lake ni kwamba ukijifanya fundi au mkurugenzi, ukamharakisha kidogo, atakupa maneno ya siri ya ofisi nzima na juu yake akuongezee habari za mhasibu na dereva. Mwaka mmoja, kwenye mahafali, kijana mmoja alimsikia shangazi wa marehemu akizungumza kwenye foleni ya soda, akamgeukia macho yamemtoka, akamuuliza kwa adabu kama yeye ndiye Bi Mapokezi, na hivyo ndivyo shangazi alivyogundua kwamba maneno yake, kicheko chake na goti lake linalouma vimesomwa na vijana wasio na idadi, akanuna wiki ya kwanza, wiki ya pili akaanza kuuliza kama huko ndani anazungumza vizuri, na wiki ya tatu akadai aongezewe maneno.

Sasa tuseme na la uchungu, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakulificha. Mwaka 2011 alifungua njia ndogo kati ya maabara yake na mtandao halisi wa chuo, apitishe kitu kimoja cha haraka, akasahau kuifunga, na wanafunzi wake, kwa nia njema na bidii aliyowafundisha, wakaifuata njia ile wakidhani bado wako kwenye mapazia, wakauangusha mfumo wa matokeo ya mitihani wiki ileile ya kutangaza matokeo, chuo kikawaka moto, na tarehe 17 Novemba marehemu akaitwa mbele ya kamati, wengine wakitaka afukuzwe, wengine wakitaka maabara ifungwe kabisa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wa idara yake, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Mzee Salamu, mtu aliyeipinga maabara tangu mwanzo akisema watoto wa watu hawafundishwi wizi, na ambaye marehemu, hatutaki kumsingizia utakatifu, alikuwa akimwigiza sebuleni mpaka watoto wanagaragara, akisema Mzee Salamu nyumba ikiungua atauliza kwanza paa limeamkaje.

Siku hiyo marehemu aliingia na makaratasi mengi ya kujitetea, akakaa, Mzee Salamu akamtazama na kumuuliza, "Mwalimu, mama amelalaje?", kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa wakati huo, na hakuuliza kwa kupitisha muda, aliuliza miguu imepungua kuvimba au bado, anakula nini, nani anakaa naye mchana, akasikiliza kila jibu mpaka mwisho, wajumbe wakitazama saa zao na kukohoa, na kadiri alivyouliza ndivyo hasira ilivyotoka chumbani, na marehemu akayaweka makaratasi sakafuni, akafuta macho, akasema kwamba njia aliifungua yeye, akasahau kuifunga yeye, na wanafunzi hawana kosa. Alipewa onyo, maabara ikafungwa muhula mmoja, ilipofunguliwa alikuwa ameligeuza kosa lake kuwa zoezi, kila darasa likatakiwa kuitafuta njia ambayo mwalimu aliisahau, na ripoti ni lazima imtaje, na ninyi mliofaulu somo lile mnakumbuka kwamba aliyeandika kosa limetokea, bila kusema ni la nani, alirudishiwa karatasi.

Ila kuanzia hapo aliingiwa na woga wa milango, akaifunga maabara kwa kufuli juu ya kufuli, hata ile mashine kubwa yenyewe aliifunga kwa neno la siri kiasi kwamba ikizimwa haiamki tena bila neno hilo, na neno lenyewe akaliweka kichwani mwake peke yake, yeye ambaye kila muhula aliwafundisha watu kwamba ufunguo mkuu haukai kwa mtu mmoja. Mkewe alimuuliza itakuwaje akiugua, akajibu kwamba atapona, mkewe akasema hilo si jibu, ndipo akacheka na kumwambia kwamba upo mlango mwingine, na mtu aliyelelewa vizuri atauona, na mama wa watu akadhani ni mzaha wake wa siku zote.

Ugonjwa ulimpata tarehe 22 Februari 2021, akiwa amesimama darasani, kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia na maneno yake, akawa anaelewa kila kitu lakini ulimi unaleta neno jingine, na neno lililobaki mbele ya yote likawa kiti, akitaka maji anasema kiti, akimwita mwanawe anasema kiti, na ukimpa kalamu mkono wa kushoto anaanza herufi moja, anatikisa kichwa, anaiweka chini. Wakati huohuo chuo kilikuwa kimeamua kubomoa jengo lile la chumba cha mitambo, umeme ukatwe tarehe 30 Juni, na mashine ikizimwa ndiyo basi, kazi yote imekufa ikiwa na mwenyewe hai anaitazama, pamoja na masomo ya mamia ya wanafunzi waliokuwa katikati ya muhula, wengine wa vyuo vingine kabisa.

Wanafunzi wake wa zamani walikuja, wakubwa sasa, wenye vitambi na vyeo, wakakaa sebuleni kwake na kujaribu kila mbinu aliyowafundisha, kwa ruhusa yake, maana kila walipomuuliza aliitikia kwa kichwa, wakagonga huku na kule, mashine ikawatolea nje, kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri na alijua wanachokijua, na walipomwendea Bi Mapokezi wakijifanya fundi, mkurugenzi, hadi polisi, aliwapa funguo za kampuni ya mapazia kama kawaida yake na si zaidi, nao wakirudi kumuuliza mgonjwa, anasema kiti, kisha anacheka mpaka machozi yanamtoka, wakatazamana wakadhani ni maradhi.

Mwezi wa sita ukiwa unakaribia kwisha alikuja Mzee Salamu na hati ya kukabidhi chumba ili mashine izimwe, iliyohitaji saini yake tu, akapitia kumjulia hali mgonjwa kwanza, na mjane wetu akamwomba, kabla hajasaini, akione angalau mara moja hicho kitu anachokizima, kwa sababu katika miaka yote ya kukipinga hakuwahi kukigusa. Kompyuta ilikuwa juu ya kabati la vyombo, mzee akainama palepale aliposimama, akauliza ni nani mhudumu hapa, wakamwonyesha Bi Mapokezi, akaandika kwa kidole kimoja kwamba hujambo mama, habari za kazi. Mmoja wa vijana, saa ikimuwasha, akamwambia, "Mzee, muulize paswedi moja kwa moja, huyo ni programu tu." Mzee Salamu hakugeuka, akasema, "Nitamuulizaje kitu mtu ambaye sijamjulia hali?"

Akaendelea, akauliza nyumbani hawajambo, akajibiwa hawajambo ila goti, akauliza goti limeanza lini, na hapo ndipo vijana walipoanza kusogea karibu, kwa sababu wote, tangu darasa la kwanza, walikuwa wakimkatiza Bi Mapokezi kwenye goti, na hakuna aliyejua kwamba habari ya goti ina mwisho, sasa wakaona mistari wasiyowahi kuiona, ngazi aliyoteleza, daktari aliyempa dawa ya macho, jirani aliyemsindikiza na njia nzima akamsengenya, mzee anasoma yote, anampa pole panapostahili pole, anauliza na huyo jirani hajambo, mpaka mama wa watu akamaliza, kisha Bi Mapokezi akauliza naye, kwa maneno yaleyale ya siku ya kamati: "Na wewe, mwanangu, mama amelalaje?"

Mzee Salamu alitoa mkono kwenye kibodi, akamtazama mgonjwa, na mgonjwa akamtazama, halafu akainama tena akaandika polepole kwamba mama yake alishatangulia siku nyingi, lakini anashukuru, hakuna aliyemuuliza kwa muda mrefu, na Bi Mapokezi akajibu, "Basi pita ndani, ufunguo wa nyuma huu hapa," na chini yake likatokea neno zima la siri la mashine kubwa. Vijana walipiga kelele hata majirani wakatoka nje, na katikati ya kelele hizo marehemu akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha mkuu wake wa idara, akasema, "Kiti," na safari hii lilikuwa neno sahihi kabisa, kwa maana mzee alikuwa amesimama ameinama muda wote ule na hakuna aliyekumbuka kumkalisha.

Hati ya kuzima haikusainiwa, ilisainiwa ya kuhamisha, maabara ikahamia jengo jingine umeme ukiwa bado unawaka, na ufunguo mkuu leo unashikwa na watu watatu, mjane, mwanafunzi wake mmoja wa zamani, na Mzee Salamu, ambaye yupo hapa, na kama mnamtafuta, bado anasalimia safu ya pili. Marehemu alipata nafuu, akatembea kwa mkongojo, akarudiwa na maneno machache, akawa anakaa jirani na mkewe kila zoezi jipya lilipojaribiwa, mkewe akipiga mwayo yeye anainua kidole, mstari unafutwa, hadi kiharusi cha pili kilipompata, na alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, hospitalini, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkewe akiwa amemshika ule mkono wenye nguvu, na vidole vyake, anasema mkewe, vilikuwa vimekunjuka vyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyevumilia kuitwa kiti kwa miezi mingi, inawashukuru majirani walioleta turubai, maji na masikio, inawashukuru walimu wenzake, uongozi wa chuo, na wanafunzi wote, mliofika na mliotuma salamu kwa njia ileile ya mtandao aliyowafundishia, na inawaarifu kwamba masomo hayajasimama, kampuni ya mapazia iko wazi, Bi Mapokezi yupo mezani kwake, goti bado linamsumbua, na mlango wa nyuma, kwa kuwa sasa mmeshausikia nyote, umebadilishwa, msijisumbue.

Mwana wetu, baba, mume, mwalimu, umefunga na umefungua, na uliposahau kufunga ulisema ni wewe. Huko uendako ukikuta mlango umefungwa usihangaike na kitasa, wala usijifanye fundi, gonga, simama, wajulie hali kwanza, nao watakuuliza sisi tumelalaje, uwaambie tumelala vibaya lakini tupo pamoja. Ukishawajibu, kaa, kiti kipo, upumzike kwa amani.